Skrubu ya Mbele

Oom Gert alipofariki, mwanzoni mwa baridi ya mwaka huu, binti yake alinipigia simu nikiwa napiga msasa mguu wa kiti. Alilia, nikampa pole, nikamwambia sote njia yetu ni hiyo hiyo. Alipotulia akasema baba yake ameacha karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, na humo ameagiza kwamba ile darubini yake ya uwanjani, yenye miguu mitatu, apewe Furaha. "Wewe si ulikuwa unamfahamu, Bakari? Unajua anapokaa?" Mungu anisamehe, msiba ulinitoka palepale. Nilichosikia ni darubini tu. Eti Furaha! Mimi nilimfanyia kazi yule mzee miaka minane. Mimi nilimpeleka kwa daktari, nikamkata kucha za miguu mgongo ulipomkatalia kuinama, nikafunga na kufungua karakana yake kila siku ya kazi. Furaha alikaa pale miezi tisa. Nikajibu kwa sauti ya upole kabisa kwamba nitamtafuta mwenyewe nimpelekee, kisha nikaurarua ule msasa vipande vipande, mtu mzima mimi, nywele zimeshaanza kunikimbia. Nilidhani kile kijicho kilikufa zamani. Kumbe kilikuwa kimelala tu.

Miezi hiyo tisa ilikuwa ya mwaka 2017. Karakana ilikuwa Kensington, hapa Johannesburg, nyuma ya duka la kuchonga funguo, chumba kirefu chenye dirisha moja na harufu ya mafuta ya kitani ambayo mpaka leo nikiisikia nageuka. Oom kwa lugha yao ni mjomba, na kila mtu alimwita hivyo, hata polisi waliokuja kukagua leseni zake. Alikuwa fundi bunduki, lakini hakuuza bunduki mpya hata moja. Alinunua zile za kijeshi za zamani, kwa mafungu, ambazo majeshi yalishazitupa: za Kiingereza, za Kijerumani, nyingine zimepigana vita vikubwa viwili halafu zikasahauliwa ghalani kwenye grisi. Mbao zake zilifika zimepasuka, zimelewa mafuta, baadhi zimechongwa kwa kisu herufi za watu ambao bila shaka ni marehemu. Kazi yangu ilikuwa hizo mbao. Natokea Tanga, useremala ninaujua tangu sijaota ndevu, na kwa kuziba ufa wa kitako cha bunduki usionekane hata kwa kidole, sikuwa na mpinzani mji mzima. Naomba msomaji aliweke hili akilini, kwa sababu nilikuwa na kitu changu, kizuri, cha kunitosha. Tatizo ni kwamba hakikunitosha.

Bunduki ikishasafishwa na kuvishwa mbao, ilibidi ihukumiwe. Kulikuwa na hukumu tatu tu. Ya shabaha: inapiga sawasawa, inauzwa kwa watu wanaoshindana kulenga kwa bunduki za kale, nao wanalipa vizuri. Ya ukutani: inapiga hapa na pale, mwenye kupenda historia aitundike sebuleni. Ya vipuri: mtutu umekwisha, ifunguliwe vyuma vyake viwasaidie wenzake. Ungeweza kumulika ndani ya mtutu na kutazama mifereji yake imelika kiasi gani, ungeweza kuchomeka risasi mdomoni uone inazama mpaka wapi, lakini Oom alisema hayo yote ni umbea. Hukumu iko kwenye karatasi. Tulikwenda kusini mwa mji, kwenye uwanja wa shabaha karibu na machimbo yaliyoachwa, tukaweka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, tukapiga risasi tano mita mia moja, tukaiacha ipoe, tano tena, ikapoa, tano tena. Matundu matano tuliyaita kundi. Kundi likibanana, bunduki ni nzuri. Oom hakupima kundi zuri kuliko yote, alipima lile baya kuliko yote, maana alisema kila bunduki mbovu ina siku yake moja ya harusi.

Na kulikuwa na mtindo mmoja wa kazi ambao sijauona kwingine. Mpigaji, kila akishafyatua, kabla mtu yeyote hajachungulia kwenye darubini, lazima aseme risasi yake imekwenda wapi. "Katikati." "Chini kidogo, kulia." Oom aliandika alichosema, kisha ndipo akatazama. Risasi ikienda ulikosema, hata kama ni mbali, basi kosa ni lako, umetikisika na unajua umetikisika, bunduki haina lawama. Ukisema katikati na ikaenda kando, hapo bunduki ndiyo inayodanganya. Kwa hiyo mpimaji hahitaji kuwa mlengaji hodari sana. Anahitaji kusema ukweli juu yake mwenyewe, papo hapo, mara kumi na tano kwa bunduki moja. Sasa mimi, jamani, karatasi nilikuwa nabishana nayo. Nilisema katikati kila mara. Risasi ikitoka nje nasingizia upepo, nasingizia baruti ya zamani, siku moja nilisingizia ndege aliyepita. Oom alikuwa akinitazama tu na kuandika. Macho yake mwenyewe yalikuwa yameanza kuingia ukungu na mkono unatetemeka, hivyo alihitaji mtu ambaye neno lake angeweza kulitilia saini kwenye cheti cha mnunuzi. Mtu huyo nilitaka niwe mimi. Nilikitaka hicho kitu kuliko mshahara. Kisheria sisi wageni hatukuruhusiwa kumiliki hata risasi moja, tulipiga mwenye leseni akiwa amekaa ubavuni, lakini mpimaji wa Oom Gert, watu walikuwa wanamwamkia.

Furaha aliletwa mwezi wa pili kushona mifuko ya mchanga na mikanda ya turubai. Alikuwa mama wa Bukavu, mshonaji, mwembamba, mwenye tabia ya kubana pini mdomoni na kuongea nazo. Alipanga chumba La Rochelle, mtaa wa pili kutoka kwangu, kwa hiyo asubuhi tulipanda teksi moja. Aliniita yaya, kama kwao wanavyomwita kaka mkubwa, Oom akamwita Papa, na penye ndiye au ndiyo yeye alisema njo. Kiingereza alikuwa hajui, Kifaransa Oom hajui, basi mimi nikawa mkalimani wao. Hebu fikiria hapo Mungu alivyonijaribu.

Siku ya kwanza alipokuja uwanjani alikuja kuziba mfuko uliochanika. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi na bunduki ya Kijerumani, nimeshapiga makundi mawili ya ovyo, nimeshaihukumu. "Ya vipuri hii, Oom. Mtutu umekwisha." Furaha akatoa pini mdomoni. "Yaya Bakari, bunduki haiko na makosa. Njo weye unafunga macho mbele ya mlio."

"Anasema nini?" Oom akauliza.

"Anasema kuna baridi."

Oom hakuwa mjinga. Alimtazama, akanitazama, akapiga benchi kwa kiganja mara mbili: kaa. Furaha akajifunga kanga kiunoni vizuri, akakaa, akalalia kile kitako kama anayesikiliza mlango. Nilimwonyesha pa kuweka kidole, kwa maneno machache iwezekanavyo. Akapiga. "Juu," akasema, "mi nimeshtuka." Darubini ikasema juu. Akapiga. "Kushoto, lakini kidogo." Kushoto, kidogo. Ya tatu, ya nne, ya tano akasema katikati, katikati, katikati, na zile tatu ungezifunika na kifungo cha koti. Oom aliondoa jicho kwenye darubini, akasema, kwa Kiingereza, maneno ninayoyakumbuka mpaka leo: "Mwambie nimekaa kwenye viwanja hivi miaka arobaini, na sijakutana na mtu anayejijua hivi." Nikamgeukia Furaha. "Amesema si mbaya."

Ndivyo nilivyomtafsiria miezi yote ile. Oom akisifu kwa debe, mimi namfikishia kwa kijiko. Akisema "ajabu", nasema "inaridhisha". Na Furaha akashukuru kwa hicho hicho kijiko, akafurahi, akasema, "Aksanti sana, yaya, weye njo umenifundisha." Hapo sasa roho ndiyo iliniuma zaidi. Mtu ukimwonea kijicho, angalau awe na maringo kidogo, akupe sababu! Huyu hakunipa. Mchana tulikula mezani kwangu, tukisogeza randa na patasi pembeni. Oom alichoma soseji zake nje, nami sili kitu nisichojua kimechinjwaje, na hilo Furaha aliligundua siku ya pili bila kuambiwa. Akawa analeta sombe, kisamvu cha kwao, kwenye sufuria mbili, yake ameweka anachotaka, yangu ya mafuta ya mawese na samaki mkavu tu, na kifuniko chake amekifunga kwa kitambaa chekundu nisije nikachanganya. Nilikula. Ilikuwa tamu, Wallahi. Nilikula nikimtazama vidole na kujiuliza vidole hivyo vina nini ambacho vyangu havina.

Mwezi wa tano nikafanya uchafu wangu wa kwanza. Nilimwambia Oom, tukiwa kwenye bakkie yake, pikapu kuukuu, tumesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, kwa sauti ya mtu anayejali: "Mimi najiuliza tu, Oom. Mtu wa upande ule wa Kongo, mwanamke, haogopi mlio. Alijifunzia wapi?" Nikaacha hapo. Sikusema msituni, sikusema na waasi. Niliiacha ijiseme. Taa ikageuka kijani, Oom akaondoa gari. Tulipofika karakana akaniambia, "Muulize." Eish! Sikulitarajia hilo. Ikabidi nimuulize Furaha mbele ya mzee, huku masikio yananiwaka. Furaha alicheka mpaka akashika meza. "Kwani iko mambo? Cherehani! Ukishtuka, sindano inaingia kidole. Mguu unapaswa kusimama pale pale unataka isimame, hapana mbele, hapana nyuma. Njo vile tu." Nikatafsiri. Oom naye akacheka, akapiga paja, na kuanzia siku hiyo kila mteja aliyeingia alisimuliwa habari ya cherehani. Nami nikawa ndiye niliyeuliza swali.

Kisha nikasikia kile ambacho sikupaswa kukisikia. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi kavu ya Johannesburg inayopasua midomo na kunyausha mbao, nami nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya kabati nikitafuta gundi. Oom alikuwa dirishani kwenye simu, anaongea na mnunuzi wake mkubwa, bwana mmoja mkusanyaji aliyekuwa akingoja fungu zima la bunduki. "Njoo wiki ijayo uone mwenyewe," alisema. "Nitampa ile ya Kiingereza ninayoijua, niliyoipiga mimi mwenyewe macho yangu yakiwa mazima. Akiisoma sawasawa mbele yako, basi tangu hapo vyeti vyote atapima yeye." Akanyamaza kusikiliza. Halafu: "Nani, Bakari? Hapana. Bakari ni seremala mzuri." Sikupata kusikia neno la sifa likinichoma vile. Seremala mzuri! Nilikaa nyuma ya kabati na chupa ya gundi mkononi mpaka magoti yakafa ganzi.

Sasa nielezee skrubu. Bunduki zile zinashikana na mbao zake kwa skrubu mbili chini, ya mbele na ya nyuma. Ya mbele ikilegea kidogo tu, chuma kinachezacheza ndani ya mbao kila inapopigwa, na risasi zinatawanyika hata kama mtutu ni mpya. Kukaza ilikuwa kazi yangu, hakuna aliyeigusa. Nikishakaza, nilichora mstari mwembamba wa rangi nyeupe, unaoanzia juu ya kichwa cha skrubu na kuvuka hadi kwenye chuma kilichoizunguka. Skrubu ikilegea, mstari unakatika, kila mtu anaona. Ule mstari ndio ulikuwa neno langu. Furaha, kabla hajakaa kwenye benchi, aliigeuza bunduki, akapitisha kidole juu ya mistari yote miwili, na kusema, "Sawa." Kila bunduki, bila kukosa. Baada ya hapo hakuitilia mbao shaka tena, alikuwa ananiamini kuliko nilivyojiamini.

Siku ya Ijumaa nilitoka kuswali nikarudi karakana. Nimetoka msikitini, nasema kweli, uso bado una maji ya udhu. Oom alikuwa amekwenda benki, Furaha amevuka barabara kununua mkate kwenye spaza, kiduka cha mtaani. Ile bunduki ya Kiingereza ilikuwa imelala kwenye rafu yake. Nilichukua bisibisi, nikailegeza skrubu ya mbele robo mzunguko. Nilikunywa maji. Nikaufuta mstari wa zamani kwa thina, nikachora mwingine, na mkono wangu, ambao uwanjani ulikuwa unanitetemekea, siku hiyo ulitulia kabisa. Mstari ulinyooka kuliko wa kwanza. Furaha akarudi, akanimegea mkate, tukanywa chai.

Jumatatu mkusanyaji akaja uwanjani, bwana mnene mwenye kofia ya manyoya, akajikalia kwenye kiti cha kukunja. Furaha aligeuza bunduki, akapitisha kidole juu ya mstari wa nyuma, akapitisha juu ya mstari wa mbele. "Sawa." Akapiga. "Katikati," akasema. Oom akaandika, akachungulia. Furaha akapiga tena. "Katikati." Oom akachungulia, akafuta kioo cha darubini kwa leso, akachungulia tena. Mpaka risasi ya tano neno lake na karatasi vilikuwa havijakutana hata mara moja: amesema katikati, ipo chini, amesema kulia, ipo kushoto. Kundi la pili lilikuwa baya zaidi. La tatu hakulimaliza. Aliinua kichwa kwenye kitako, akautazama mkono wake wa kulia, akaugeuza juu chini.

Oom akaniambia, taratibu, "Kwa kanuni yetu, bunduki ndiyo inayodanganya. Lakini hii ninaijua. Muulize: isije ikawa ni mbao?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Mungu aliufungua mwenyewe, akausimamia. Ningesema tu, "Hebu nikague skrubu." Nikamuuliza Furaha, na Furaha akatikisa kichwa kabla sijamaliza. "Hapana. Mbao iko ya yaya Bakari, na mustari nimeugusa, iko muzuri. Mwambie Papa njo mimi. Mwambie mi sijui tena risasi yangu inaenda wapi."

Miezi yote ile nilikuwa nimeyapunguza maneno baina ya wale watu wawili. Hayo niliyatafsiri yote, neno kwa neno, sikuacha hata moja.

Oom hakuridhika. Baada ya siku tatu akasema nipige mimi bunduki ile ile. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala, lakini asubuhi nilifika mapema, nikaikaza skrubu robo mzunguko, nikafuta, nikachora. Uwanjani nilikaa kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza maishani sikufunga macho mbele ya mlio, sijui kwa nini, labda kwa sababu sikuwa na cha kuogopa tena. Nikasema katikati, na kweli zilikwenda katikati. Lilikuwa kundi bora kuliko yote niliyopata kupiga, kabla na baada, matundu matano yamebanana kama punje za mahindi. Oom alitazama muda mrefu. "Basi," akasema, "kumbe bunduki ni nzima." Na aliyepiga vigelegele uwanja mzima ukageuka alikuwa Furaha. Alinishika mabega kwa furaha ya kweli, machozi yanamlengalenga. "Si niliwaambia? Iko muzuri! Njo mimi tu nimeharibika."

Hakukaa kwenye benchi tena. Oom alimbembeleza mara mbili, kupitia kwangu, nami mara hiyo nilibembeleza kwa uaminifu, nilitaka akubali ili nipumue. Alikataa. Alimaliza mifuko na mikanda, na mwezi wa kumi akasema kazi imekwisha, akatuachia sombe ya sufuria mbili, akaenda. Vyeti vikawa vyangu. Nimepima bunduki za Oom Gert miaka yote iliyofuata na nilizipima kwa haki, hilo naweza kuapa, maana nilishajua uongo unavyofanana. Watu waliniamkia. Lakini kila nilipomaliza kusema "katikati", Oom alikuwa anachelewa kidogo kuandika. Kidogo tu. Kama aliwahi kujua, hakunitamkia hata siku moja, na kwa karatasi yake ya mwisho sijui alikuwa anamzawadia Furaha au ananihukumu mimi.

Jumamosi iliyopita nikampelekea. Bado yuko La Rochelle, ana chumba cha mbele cha kushonea, vyerehani vitatu, magauni ya wasimamizi wa harusi yananing'inia mpaka dirishani. "Yaya Bakari!" Alinikumbatia, akaita chai, akanitambulisha kwa Nestor, mzee wa Kirundi anayefanya naye kazi: huyu njo yule wa mbao, alikuwa anapiga kundi moja hivi, kama kifungo! Akaisikia habari ya Oom akalia kimya kimya, pini zikiwa mdomoni. Kisha akarudi kwenye kazi yake, kwani mteja anakuja jioni. Alitandaza kitambaa cha hariri mezani, akapima, akachora kwa chaki mistari mizuri isiyo na kosa, kisha akasogea pembeni, na Nestor akaja na mkasi akakata.

"Hukati mwenyewe?" nikauliza.

"Ah, mi nachora tu. Tangu ule mwaka sina hakika na mkono. Nilienda kwa munganga wa macho, akasema macho yako ni mazima, nikaona ananidanganya." Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja saizi ya kiatu chake. Halafu akaigusa ile darubini. "Na hii, Papa amekosea. Ilifaa ipewe weye. Uichukue, yaya."

Nilikuwa nimeitaka. Toka ile simu nilikuwa naitaka. Na sasa alikuwa ananipa, kwa mikono miwili, na mikono yangu ikakataa kunyooka. Nikamwambia. Sikupanga maneno, sikujitetea, nilisimama pale dirishani nikamwambia Ijumaa ile, na msikiti, na mkate. Nestor aliacha kukata. Furaha alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini, zote, ndipo akazungumza.

"Skrubu gani?"

"Ya mbele."

"Muzunguko muzima?"

"Robo."

"Na mustari?"

"Niliufuta. Nikachora mwingine."

"Robo," akasema. Alitazama vidole vya mkono wake wa kulia, kile kidole alichokuwa akipitisha juu ya rangi yangu. Nilingoja anitukane. Nilikuwa na haja kubwa ya kutukanwa. Hakunitukana, wala hakuniita yaya. Alinyoosha mkono bila kugeuka, na Nestor, bila kuambiwa, akamwekea mkasi kiganjani. Furaha akavuta hariri ya watu, iliyobaki, mita tatu nzima, akaiweka sawa. Hakuchora. Akaingiza mkasi akaanza kukata, na mkasi haukusimama.

"Sogea," akaniambia. "Unaniziba mwanga."